Taa Mara Mbili Kwenye Kalavati

Kilichomwamsha Kamene ni mlio wa mbao. Haukuwa mlango, wala paka juu ya mabati. Ulikuwa mlio wa mbao inayolemewa polepole, krrr, ukanyamaza, krrr tena, halafu mbao ikavunjika na kitanda kikazama upande wa ukutani.

Upande wa ukutani alilala Mutheu peke yake. Mutheu alikuwa na miezi minane.

Kamene alipapasa kiberiti, akawasha koroboi. Mumewe Mutinda, dereva wa lori, mtu wa mifupa mikubwa, alikuwa upande wa mlango na mbao za upande wake zilikuwa nzima. Mtoto naye alilala chali, mikono juu, amezama godoroni kama jiwe lililotupwa kwenye unga.

"Baba Mutheu," Kamene alinong'ona. "Kitanda kimevunjika."

"Ni cha zamani. Lala."

"Kimevunjika upande ya mtoto."

Mutinda akaugeukia mlango. Hakuwa amelala. Pumzi ya mtu aliyelala inajulikana, na ya Mutinda ilikuwa imezuiwa.

Kamene akainama amwinue mtoto. Alidhani shuka limenaswa na msumari, akalivuta, halikuwa limenaswa. Akapitisha mikono yote miwili chini ya mgongo wa Mutheu, akapiga goti, akavuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na hapo ndipo alipoisikia ile harufu, ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi ikichanganyika na ya breki zilizoungua, ikitoka kwenye nywele za mtoto wake.

Kulipopambazuka alijiambia ni usingizi. Mtu akiamka ghafla mikono huwa haina nguvu, hilo kila mtu analijua. Kitengela ya mwaka ule, mwaka uliofuata mvua ya El Nino, ilikuwa na mambo mengi ya kuvunjika, choo cha ploti kilikuwa kimeanguka, ukuta wa jirani ulikuwa umelala chini, kwa nini mbao moja ya kitanda isivunjike? Akamfunga Mutheu mgongoni kwa leso, akainuka, akarudi chini. Magoti yalikataa. Akashika mguu wa meza, akainuka tena, na alipofika kwenye mfereji wa maji jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye visigino.

"Mama Mutheu, ni malaria?" jirani yake Mama Wakhungu akamwuliza.

"Nishikie mtoto kidogo."

Mama Wakhungu akampokea Mutheu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na sufuria, akamrusha juu na kumdaka. "Haka katoto hakana kitu. Unakapatia maziwa kweli ama unakapatia hadithi?"

Kamene akacheka, kwa sababu angefanya nini kingine.

Kliniki, mzani ulisema kilo saba na nusu. Mwezi uliopita ulisema kilo saba na robo. Muuguzi akaandika kwenye kadi, akasema mtoto yuko sawa, akaita mwingine. Kamene akabaki pale amesimama, akitazama jinsi muuguzi alivyomtoa mtoto kwenye mzani kama anayetoa shati kwenye kamba, kisha akanyoosha mikono yake mwenyewe ampokee, na mikono ikashuka mpaka karibu na sakafu. Wanawake waliokaa kwenye benchi wakatazamana. Mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, wasichana wa siku hizi hata hawajui kubeba.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Usiku mbao zililia, na Mutinda alipopigilia mpya zikavunjika pia, mpaka wakalaza godoro chini na sakafu ya saruji ikaanza kupata ufa. Mchana mtoto alikuwa mwepesi kwa kila mtu isipokuwa baba na mama yake. Siku ya nne Kamene hakuweza tena kumfikisha kifuani. Alimlaza Mutheu sakafuni juu ya gunia, akainama juu yake kwa mikono na magoti, akamnyonyesha kama mbuzi anavyomnyonyesha mwanawe, machozi yakidondoka kwenye paji la uso wa mtoto. Na Mutheu hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Kamene kuliko uzito. Mtoto hakulia, alihema. Alihema kama mtu mzima anayepanda mlima na kitu mgongoni, hhh, hhh, macho yamemtoka, na kila siku pumzi ziliachana zaidi, hata Kamene akawa anahesabu kati ya moja na nyingine, moja, mbili, tatu, akifika sita anamtikisa.

Aliita watu wa kanisa. Walikuja wanane, wakaimba, wakakemea, mchungaji akamwinua Mutheu juu kwa mikono miwili mbele za Bwana bila shida yoyote, akasema, dada, huyu mtoto ni mwepesi, wewe ndiye umechoka, pumzika. Wakanywa chai wakaenda. Kamene akakaa sakafuni karibu na binti yake, akajua kwamba katika dunia hii nzima hakuna atakayemwamini, na pumzi sasa zilikuwa zimefika saba.

Mutinda alirudi giza likiwa limeingia. Siku hizo alikawia makusudi, alikaa ndani ya lori nje ya ploti mpaka taa za majirani zizimwe.

"Keti chini," Kamene akamwambia.

"Nimechoka."

"Keti, Baba Mutheu. Wewe unajua kitu. Tangu hiyo siku kitanda kivunjike, hujaniangalia machoni."

Mutinda akaketi. Akaanza kuongea akitazama kucha zake, na alivyosema ni hivi.

Mbele ya Kitengela, pale barabara ya murram, ya changarawe, ya mashambani inapoingia kwenye barabara ya kwenda Kajiado, mvua ilikuwa imekula nusu ya kalavati, kile kidaraja cha kupitisha maji. Gari moja tu ndilo lililoweza kupita kwa wakati. Kibao hakikuwekwa, askari hawakukaa pale, na kila dereva alikuja na sheria yake mfukoni. Wa gari dogo alisema aliyefika kwanza ndiye apite. Wa basi alisema mwenye abiria. Wa kutoka murram alisema yeye anaingia kutoka kushoto na hawezi kungoja ng'ombe wala mtu. Wasio na subira walipita kandokando, kwenye vumbi, wakaingia mbele ya wenzao, na siku haikuisha bila vioo kuvunjwa na mama za watu kutajwa. Mwishowe madereva wa malori ya machimbo walipatana jambo moja, nalo likaheshimiwa kuliko sheria ya serikali: mwenye mzigo apite. Maana lori lililojaa likisimama kwenye mteremko ule, kuliondoa tena ni kazi ya siku. Aliyebeba huwasha taa mara mbili. Aliye mtupu husimama, akazima taa zake kabisa, na giza hilo ndilo linalosema pita, ndugu. Hakuna aliyedanganya. Hata wezi wa dizeli hawakudanganya kwenye kalavati.

"Mimi nilidanganya," Mutinda akasema.

"Lini?"

"Ile Jumatatu. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nimechelewa. Machimboni malori kumi ya kwanza ndio yanapakiwa asubuhi, mengine yanakaa kwa jua mpaka saa nane. Nikaona taa mbili zinashuka kutoka upande ya Kajiado. Nikajua huyo anatoka machimboni, amejaa, ndiye anafaa kupita. Nami niko mtupu. Nikawasha mara mbili."

"Halafu?"

"Akazima zake. Alinipisha, Kamene. Nikavuka. Nilipofika sambamba naye nikainua mkono nimshukuru, na hakukuwa na lori."

Kwenye gunia Mutheu alivuta pumzi, na wote wawili wakangoja inayofuata.

"Kulikuwa na kitu kimesimama kando ya barabara, kimeinama. Kama mtu amebeba gunia. Lakini urefu wake ni wa lori."

"Uso?"

"Uso ulikuwa chini ya mzigo. Sikuuona, na nashukuru. Mara lori langu likazama nyuma, hivi, kama limepakiwa tani kumi mara moja. Tangu hiyo siku napanda kila kilima na gia ya kwanza, na nyuma hakuna hata jiwe. Nilidhani itaishia kwa lori. Sikujua inaweza kunifuata mpaka kwa mtoto."

Kamene alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika. Hakufanya lolote kati ya hayo kwa sababu alikuwa amefika sita akihesabu.

Kesho yake wakaenda Kajiado na lori, Mutheu akiwa ndani. Nyuma ya kituo cha petroli, penye vumbi jeusi la makaa, alikuwako fundi wa springi za malori aliyeitwa Kyule. Mchana alinyoosha vyuma. Mambo mengine aliyarithi kwa bibi yake kule Ukambani na hakuyatangaza, lakini madereva walijua. Kyule hakuwasalimu. Alimwona Mutinda akishuka, akaingia chini ya lori kwa mgongo, akakaa huko kitambo, akatoka akijipangusa.

"Ulipakia nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Iko tupu."

"Kwamba iko tupu naona, macho niko nayo. Nauliza ulipakia nini. Springi zimelala kama ulimi wa mbwa."

Mutinda akasimulia. Kyule akasikiliza akitafuna kijiti, na mwisho akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Dereva wa lori tupu na taa za lori limejaa. Kijana, watu wanadanganya wake zao, wanadanganya polisi, wewe ukaona hao hawatoshi."

"Ni jini?" Kamene akauliza.

"Wengine wanaita jini. Bibi yangu aliwaita aimu, roho za waliokufa." Akachuchumaa mbele ya Kamene, sauti yake ikabadilika. "Mwaitu, mama, hiyo njia ilikuwako kabla ya lami. Watu walipita hapo wamebeba vya watu wengine, siku baada ya siku, anayesimama anapigwa. Wengine walianguka na mzigo juu yao na hakuna aliyerudi kuwatua. Huyo anatembea tu. Hana ubaya, mradi asisimame. Lakini bwana yako alimsimamisha. Na wewe umebeba kuni, unajua. Ukishasimama na mzigo, kuuinua tena peke yako haiwezekani. Lazima mtu akutwike, ama uuache kwa aliyekusimamisha."

"Ameuacha kwa mtoto."

"Ameuacha kwa nyumba yenu. Mtoto ndiye mfupi, ndiye anajaa haraka."

Akawaeleza la kufanya, na akawafanya warudie maneno yake kama watoto wa shule. Waende Jumatatu, saa ile ile, na lori lile lile, tupu, mtoto akiwa ndani. Wasimame kabla ya kalavati. Wazime taa. Yule atakuja. Wao wasiwashe, wasisonge, wasiseme neno, hata afanye nini, mpaka yeye apite kwanza. Akipita, haki yake imerudi, na mzigo wake ataondoka nao.

"Na kitu kimoja," Kyule akasema. "Mtu asiingie mbele yenu. Mnajua tabia ya hii barabara, mtu akiona foleni anapita na kando. Akiingia huyo, ndiye atakuwa amechukua njia. Mzigo hautauliza jina. Mkiona mtu anakuja na pupa, mzuieni. Tupeni mawe ikibidi."

Jumapili usiku Kamene hakulala. Saa tisa na nusu walimbeba Mutheu wawili, Mutinda kichwani na Kamene miguuni, hatua kwa hatua hadi kwenye lori, kama wanavyobeba jeneza watu wachache. Pumzi zilikuwa zimefika tisa.

Walisimama kabla ya kalavati. Mutinda akazima taa, akazima injini. Baridi ya uwanda ikaingia kwenye magoti. Kamene alikuwa na mtoto mapajani na mapaja yalishakufa ganzi, hakuyasikia tena, na alishukuru kwamba hayasikii.

Kisha wakaona taa mbili, mbali, upande wa Kajiado. Zilishuka bila mlio. Hakukuwa na injini wala tairi, ila hatua tu, nzito, mbili mbili, kila moja ikitikisa kioo cha mlango, na harufu ya udongo mbichi ikawatangulia, ikajaa humo ndani mpaka Mutinda akafunika pua kwa kofia yake.

Taa zikafika ng'ambo ya kalavati. Zikasimama.

"Pita," Mutinda akasema bila sauti, midomo tu. "Pita, mzee. Pita."

Zile taa zikazimika.

Kamene hakuelewa kwanza, halafu akaelewa, kwa sababu giza lile lilikuwa na maana moja tu kwenye kalavati na kila dereva aliijua: lilikuwa linawaambia wao wapite, lilikuwa linawapisha tena kwa adabu ileile ya siku ya kwanza, nao walikuwa wamezima taa wakilipisha lenyewe, giza huku na giza kule, kila mmoja akimwambia mwenzake wewe kwanza, na yule wa ng'ambo alikuwa amengoja miaka mia na angeweza kungoja mingine mia, lakini Mutheu alivuta pumzi na Kamene akaanza kuhesabu na akafika tisa, akafika kumi, akafika kumi na moja, akamtikisa, kichwa cha mtoto kikaanguka upande kama cha kuku aliyechinjwa, kumi na mbili, akampulizia puani, kumi na tatu, pumzi ikaja, nyembamba kama uzi.

"Tuondoke," akanong'ona.

"Tukisonga tumepita sisi. Ataongeza mzigo mwingine."

"Anakufa, Mutinda."

"Kyule alisema tungoje."

"Kyule hajashika huyu mtoto."

Hapo ndipo kioo cha pembeni kilipojaa mwanga. Gari dogo lilikuwa linakuja nyuma yao kutoka Kitengela, kwa mwendo wa watu wanaowahi, magodoro na viti vimefungwa juu ya kerieri. Likapiga honi. Likapiga tena, ndefu. Mutinda akatoa mkono dirishani upande wake wa kulia, akaupunga kwa nguvu, simama, simama. Gari likafanya yale yanayofanywa na kila gari kwenye barabara ile. Likaacha lami, likaingia kwenye vumbi upande wa kushoto, likaja kandokando ya lori mpaka likawa chini ya dirisha la Kamene, na hapo likapunguza.

Dereva alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu. Akashusha kioo, akatoa kichwa nje ili aonekane. "Mama, hapo mbele kuna nini? Gari imekufa?"

Mkewe, kando yake, alikuwa amemkumbatia mtoto mchanga ndani ya shali. Akainua uso, akamtazama Kamene, akatabasamu kama wanavyotabasamu mama wawili wanaokutana alfajiri na usingizi machoni.

Jiwe lilikuwako. Mutinda alikuwa ameweka matatu miguuni pa Kamene, kama walivyoagizwa. Na ulimi ulikuwako, na neno moja lingetosha, rudini. Mutheu hakuwa amevuta pumzi. Kamene alikuwa amefika kumi na tano. Akatoa mkono dirishani, kiganja chini, akaupeleka mbele polepole, mara mbili, kama konda wa basi anayemruhusu aliye nyuma.

"Hakuna kitu," akasema. "Piteni."

Gari likasonga mbele yao, likapanda lami, likaingia kalavati. Ng'ambo ya pili zile taa zikawaka, mara moja tu. Kitu kirefu kikanyooka gizani. Kilinyooka polepole, sana, kama mtu anayenyoosha mgongo baada ya kutuliwa, na hatua zikaanza tena, nyepesi sasa, zikapita kando ya lori bila kusimama, zikaishia upande wa Kitengela. Gari dogo lilikuwa linapanda kilima upande wa Kajiado. Sehemu yake ya nyuma ilikuwa imelala. Walisikia dereva akirudisha gia, akirudisha tena, akitafuta ya kwanza.

Mutheu akalia.

Alilia kilio cha mtoto, kikali, cha njaa, na Kamene alipomwinua alimrusha karibu na paa la lori, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoea jiwe na sasa ilikuta mkate. Akamweka kifuani. Akamnyonyesha ameketi wima.

"Ulimwambia nini?" Mutinda akauliza.

"Nilimwambia apite."

"Kyule alisema…"

"Najua Kyule alisema nini."

Hawakuzungumza hilo tena. Mutinda alienda machimboni kama kawaida, na kwenye kalavati alimpisha kila mtu, aliyejaa na aliye mtupu, hata mbuzi. Kamene alinunua mbao za kitanda. Mutheu akaanza kutambaa. Ila usiku Kamene aliamka, hakuna mlio wowote, akakaa akihesabu pumzi za mtoto ambaye hakuwa kwenye kitanda hicho.

Siku ya tano alishindwa kuvumilia. Akachukua jogoo, akamfunga Mutheu mgongoni, akaenda Kajiado kumshukuru Kyule, ndivyo alivyomwambia Mutinda. Kwa kweli alitaka kuuliza kama kuna njia ya kumtafuta mtu.

Kyule hakuwako. Mama wa chai wa jirani akasema ameitwa Magadi kwenye malori yaliyokwama, hatarudi mpaka wiki ijayo. "Hata huyo nimemwambia," akasema, akionyesha kwa kidevu, "lakini hataki kutoka."

Kwenye vumbi jeusi la makaa kulikuwa na gunia. Juu ya gunia kulikuwa na mtoto. Na juu ya mtoto, kwa mikono na magoti, nywele hazijasukwa, mwanamke alikuwa ameinama akimnyonyesha.

Kamene angeweza kuondoka. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Lakini mwanamke aliinua uso, na Kamene akauona bila mwanga wa gari, na hakukuwa na tabasamu.

"Dada," mwanamke akasema, "usiniogope. Siko wazimu. Naitwa Immaculate, bwana yangu ni karani hapa, tulihamia majuzi. Mtoto amenishinda kuinua. Kliniki wanasema kilo sita."

Kamene akaweka jogoo chini. Akapiga goti, akapitisha mikono chini ya mtoto, akavuta. Mzigo ukamkumbuka. Ulimwingia kwenye viwiko, kwenye kiuno, kwenye magoti, kila mahali ulipokuwa umelala zamani, na harufu ile ikampanda kutoka kwenye shali.

Immaculate alikuwa anamtazama usoni. "Umesikia uzito wake," akasema. Akasogea karibu kwa magoti. "Wewe umemsikia. Bwana yangu anasema ni mimi. Mama yangu anasema ni mimi."

"Si wewe. Ni mzito."

"Huyu mzee anarudi wiki ijayo. Ouma wangu hatafika wiki ijayo. Sikiza anavyohema."

Kamene alikuwa anasikiza. Alikuwa ameshafika kumi.

Akamwambia. Alianza polepole, halafu maneno yakamtoka kama maji yaliyopasua kizibo, kalavati, taa mara mbili, aliyesimamishwa na mzigo, Jumatatu saa kumi na moja, kuzima taa, kungoja, kutosonga, na jinsi yule wa ng'ambo anavyozima zake pia na kukuacha gizani na mtoto anayekufa mapajani. Akasema gari ndogo ikaja nyuma. Akasema ikapita kushoto, kwenye vumbi. Hapo akautazama mkono wake mwenyewe.

Immaculate naye aliutazama mkono huo, ule wa kushoto uliotoka dirishani.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Kamene akangoja kofi. Alilitaka, alilisogezea uso. Mtoto Ouma akavuta pumzi kwenye gunia, nyembamba, na wanawake wote wawili wakageuka kumtazama, wakangoja mpaka ikaja nyingine.

"Hiyo saa kumi na moja," Immaculate akasema, akiwa bado anamtazama mtoto, "magari ya kuja nyuma huwa mengi?"

"Jumatatu hayakosi."

"Na mkono uliufanya aje?"

Kamene hakutaka. Lakini mkono ulitoka, kiganja chini, ukaenda mbele polepole, mara mbili. Immaculate akatoa wake, akajaribu, akarudia. Wa kwake ulikwenda haraka mno. Akaushika kwa ule mwingine, akajaribu tena mpaka ukatulia.

"Watu wakijua," akanong'ona, "wataogopa kupita na kando. Watasimama tu hapo nyuma."

"Watasimama."

"Basi nyamaza." Akamvuta Ouma kwake juu ya gunia, sentimita moja, mbili, meno yameumana. "Nami naapa kwa huyu mtoto, dada. Sitaambia mtu mwingine."